Shusha Flashi, Isogeze Kando

Mazungumzo na wapiga picha chipukizi, Sinza, Dar es Salaam

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo. Nawashukuru sana kwa kuja. Leo ni Jumamosi, na kila mmoja hapa anajua Jumamosi ya Dar ni siku ya sendofu na harusi, siku ya kuingiza hela. Kuiacha ukaja kukaa kwenye kiti cha plastiki na kusikiliza habari za taa si jambo dogo.

Nianze na albamu moja. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha sendofu ya binti mmoja kule Kinondoni. Nilikuwa nimekopa nikanunua kamera mpya na lenzi ya maana. Flashi nilikuwa nayo, nikaichomeka juu ya kamera, ikatazama mbele, kila kitu otomatiki, nikapiga usiku kucha. Wiki iliyofuata nikampelekea mama mzazi albamu. Akavaa miwani, akaifungua taratibu, akafika kwenye picha kubwa ya katikati, akakaa kimya. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona dada yako paji la uso linang'aa hivi, na pua siioni?"

Sikuwa na la kumjibu. Kamera ilikuwa nzima, lenzi nzima, na binti alikuwa mzuri kuliko picha ile. Nilichokosa ni kujua mwanga ukae wapi. Mkopo wote niliulipa kwa ajili ya kamera, na kumbe kilichohitajika ni stendi, mwavuli na kifaa kidogo cha kuiamuru flashi kwa mbali. Tangu siku ile nimekuwa nikimwambia kila kijana anayenijia na hela mkononi akiuliza anunue kamera gani: ya kwako inatosha, hebu kwanza tushushe flashi.

Dada uliyekaa pale mwisho, samahani, naomba uje hapa ukae kwenye kigoda hiki. Asante. Wengine sogeeni karibu, maana jambo hili halielezeki kwa maneno peke yake.

Napiga ya kwanza, flashi ikiwa juu ya kamera. Itazameni kwenye kioo cha kamera, pitishianeni. Uso wote umepata mwanga sawasawa, kivuli kimejificha nyuma yake ukutani, cheusi na chenye ukingo mkali. Paji la uso lina doa jeupe. Pua haina ubavu. Uso wa mtu ni mlima na bonde, lakini hapa umekuwa kama picha iliyobandikwa kwenye karatasi.

Sasa sijabadilisha kamera, sijabadilisha lenzi. Naitoa flashi, naiweka kwenye stendi kushoto kwangu, juu kidogo ya usawa wa kichwa chake, inamtazama kwa kukata kona. Mbele ya flashi nimefungua mwavuli mweupe. Napiga. Angalieni shavu la upande huu: mwanga umeanza kwenye mfupa wa shavu, ukateremka polepole hadi kwenye taya, ukafifia. Pua imeota. Macho yote mawili yana kinyota cheupe, na mkiikuza picha mtaona kinyota hicho kina umbo la mwavuli. Lile doa la kwenye paji limeondoka, limekuwa mng'ao laini unaoonyesha ngozi ilivyo. Ni mtu yuleyule, kigoda kilekile, na hata dakika tatu hazijapita.

Hili la ngozi nalitia mkazo, kwa sababu mafunzo mengi tunayoyapata yametengenezwa na watu wanaopiga ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeupe kinachochora uso zaidi ni kivuli. Ngozi zetu zimeshabeba weusi wake, kwa hiyo kinachochora uso ni mng'ao, yaani pale taa inapojitazama kwenye ngozi kama kwenye kioo. Taa ikiwa ndogo, mng'ao unakuwa doa dogo kali. Taa ikiwa pana, mng'ao unatandaa kwenye shavu lote na uso unapata umbo. Ndiyo maana nasema mwavuli kwetu ni lazima kabla ya vingi vingine. Na kwa joto letu hili, weka tishu mfukoni, mpe mteja ajifute jasho kabla hujapiga. Usingoje kuja kulifuta kwenye kompyuta.

Upana wa taa unahesabiwa kwa jinsi mtu anayepigwa anavyoiona kutoka pale alipo. Jua ni kubwa kuliko dunia mara nyingi mno, lakini liko mbali, kwa hiyo kwetu ni nukta na kivuli chake kina ukingo kama wembe. Mwavuli wenye upana wa mita moja hivi, ukiwa mita moja kutoka usoni, ni dirisha kubwa. Mwavuli uleule ukiupeleka mita nne, umerudi kuwa taa ndogo. Wengi wananunua mwavuli halafu wanausimamisha mbali kwa kuogopa usionekane kwenye picha, kisha wanalalamika kwamba haufanyi kazi. Usogeze. Usogeze mpaka ukingo wake uingie kwenye picha, halafu urudishe nyuma kidogo tu.

Haya, vifaa. Nitataja majina kwa sababu najua mkitoka hapa mtaenda Kariakoo na mtaulizwa mnataka nini.

Flashi ya kuanzia nayo ni ile ya kurekebisha kwa mkono, isiyokuwa na akili ya kupima mwanga yenyewe. Godox TT600 ni mojawapo, Yongnuo YN560 IV ni nyingine. Kwa bei za kimataifa zote mbili ni za bei ya chini, wakati flashi ya juu ya kampuni kubwa za kamera hufika mara kadhaa ya hapo. Uzuri wa hizi mbili ni kwamba kipokea mawimbi kimo ndani yake tayari. Unanunua triga moja tu, kile kifaa kidogo cha kuiamuru flashi kwa mbali, ya kuweka juu ya kamera, ya Godox kwa Godox, ya Yongnuo kwa Yongnuo, na unaanza kazi. Usichanganye familia hizi mbili, hazisikilizani. Chagua moja, ukae nayo, kwa sababu flashi ya pili na ya tatu utakazoongeza baadaye zitaitii triga ileile.

Ngoja niseme jambo ambalo limewaumiza vijana wengi. Pale juu ya kamera flashi inapochomekwa, kamera nyingi zina kipini kimoja cha katikati, na hicho ndicho kinachoiambia flashi yoyote "piga". Canon wamekiondoa kwenye baadhi ya kamera zao za bei nafuu, 250D na 4000D zikiwemo. Ukiichomeka triga ya kawaida pale, hakuna kitakachotokea, na muuzaji atakwambia kamera yako mbovu. Sio mbovu. Inahitaji triga iliyotengenezwa kwa lugha ya Canon na yenye programu iliyosasishwa. Kwa hiyo nenda dukani na kamera yako, chomeka, piga mara kumi palepale kaunta, ndipo utoe hela.

Kuna flashi za zamani za mtumba pia, bei ya kutupa, na baadhi bado zina nguvu nzuri. Tahadhari yangu ni moja. Baadhi ya flashi za miaka ya zamani hutoa volti kubwa kwenye kile kipini. Zipo Vivitar 283 za mwanzo zinazovuka volti 200, na kamera za leo hazikutengenezwa kubeba hiyo. Mwombe fundi redio aipime kwa mita kabla hujaichomeka. Kama huna wa kukupimia, iache.

Betri. Hapa ndipo bei rahisi inapogeuka ghali. Flashi hizi zinakula betri nne ndogo za kawaida, saizi AA. Nunua za kuchaji, aina ya NiMH, zilizoandikwa kama mAh 2000 hivi (ndicho kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba), za kampuni inayojulikana. Kwenye betri ya NiMH ya saizi ile hakuna nafasi ya kuvuka sana mAh 2800, kwa hiyo ukiona imeandikwa 4000 au 5000 ujue ni wino tu. Betri ya kuchaji ina volti 1.2 na ya kutupa ina 1.5, na bado ya kuchaji ndiyo inayoijaza flashi haraka, kwa sababu inaachia umeme mwingi kwa mpigo. Chukua seti mbili. Ziandikie kwa kalamu ya wino mzito, A na B, na usizichanganye kamwe: betri moja iliyochoka inazivuta tatu nzima chini. Halafu kumbukeni kwamba taa hizi zinaishi kwa betri. Umeme ukikatika katikati ya keki, wewe unaendelea na kazi.

Stendi ya mita mbili ni rahisi, haina maneno mengi. Neno lake ni uzito. Nilikuwa Coco Beach na familia moja, mwezi wa saba, kusi inavuma kutoka baharini. Mwavuli ni tanga. Nilimwambia mdogo wangu ashike stendi, akageuka kidogo kumpisha mtoto, na nikaisikia kabla sijaiona: imeanguka kifudifudi kwenye mawe. Mguu wa flashi ulivunjika, na mwavuli ukabaki mifupa. Kosa lilikuwa langu, nilimpa mtu kazi ya uzito. Siku hizi natembea na mifuko miwili ya turubai aliyonishonea fundi cherehani wa mtaani, mitupu. Nikifika ufukweni najaza mchanga, nikiondoka naumwaga. Ukumbini natumia dumu la maji la lita 5, ambalo ni kilo 5 kamili, nalifunga kwa kamba chini ya stendi. Na upepo ukizidi, naukunja mwavuli na kupiga bila mwavuli.

Vilivyobaki tengeneza. Ukitaka taa pana kuliko mwavuli, nunua bomba nyembamba za plastiki za fundi bomba, unga fremu ya mita moja kwa moja na nusu, vuta shuka nyeupe ya popolini juu yake, weka flashi nyuma. Shuka iwe nyeupe pe. Ya rangi ya maziwa itamfanya bibi harusi aonekane ana homa ya manjano. Kwa upande wa kivuli, tafuta yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki, kata upande mmoja, osha vizuri, simamisha karibu na shavu lililo gizani. Litarudisha mwanga bila senti. Upande wa pili wa ubao huohuo pakeni rangi nyeusi. Siku mnataka uso mwembamba na mkali zaidi, geuzeni.

Sasa namna ya kuviendesha, na hapa naomba utulivu kidogo.

Flashi inawaka kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde. Tangu mhandisi Harold Edgerton alipokuwa akiwasha taa za namna hii pale chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1930, akizisimamisha picha za vitu vinavyokwenda kasi, jambo hilo halijabadilika. Mwako ni mfupi kuliko muda ambao shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, iko wazi. Kwa hiyo shata haiugusi mwanga wa flashi. Shata inatawala mwanga wa mahali: balbu za ukumbi, anga ya jioni, dirisha. Tundu la lenzi, na nguvu uliyoiweka kwenye flashi, ndivyo vinavyotawala flashi. Mkilishika hili, mna bomba mbili, moja ya moto na moja ya baridi, na mnachanganya mnavyotaka. Ukumbi ukitokea mweusi nyuma ya bibi harusi, usiguse flashi, punguza kasi ya shata, toka 1/200 ya sekunde nenda 1/50, na mapambo yote yatajitokeza huku uso ukibaki ulivyo.

Kasi ina mwisho wake. Kamera nyingi haziwezi kuvuka 1/200 au 1/250 na flashi, kwa sababu juu ya hapo mapazia ya shata hayafunguki yote kwa wakati mmoja, na utaona ukanda mweusi chini ya picha. Kuna njia ya kuvuka, inaandikwa HSS kwenye triga, yaani flashi kwenda sambamba na kasi kubwa ya shata, ila inakula nguvu ya flashi vibaya.

Hilo linatuleta kwenye jua letu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mchana wa siku hizo macho ya kila mtu ni mashimo mawili meusi. Mteja anataka picha hiyohiyo saa saba mchana. Fanya hesabu: ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga), shata 1/200, jua kali linakutaka tundu la lenzi la f/11. Flashi yenye kipimo cha nguvu 40, namba ambayo ukiigawa kwa namba ya tundu unapata umbali kwa mita, gawa kwa 11, inafika mita tatu na nusu ikiwa tupu. Ukiweka mwavuli, sehemu kubwa ya nguvu imeliwa, umebaki na mita moja na nusu, pengine moja na robo. Kwa hiyo mchana wa jua mweke mteja alipe jua mgongo, flashi iwe karibu, tupu, ya kujaza uso tu. Au mpeleke chini ya mwembe, ambako kila kitu kinakuwa rahisi. Na ile namba 60 iliyoandikwa kwenye boksi la TT600 ni ya kichwa cha flashi kilichovutwa (zumu) hadi mm 200, mwanga ukiwa umebanwa kama tochi. Msiitumie kupigia hesabu za mwavuli.

Umbali nao una sheria yake. Ukiuzidisha mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwenye picha ya kamati ya harusi, mistari mitatu, ukiweka taa mita 2 kutoka mstari wa mbele na wa nyuma ukawa mita 4, wa nyuma wanapata robo ya mwanga wa mbele. Ndiyo wale wajomba wanaotokea gizani kila mwaka. Irudishe taa hadi mita 6, wa nyuma watakuwa mita 8, na sasa wanapata zaidi ya nusu. Ipandishe juu pia, kivuli cha mbele kisiwafunike. Hapo mwanga utakuwa mkali kidogo, lakini kwenye picha ya kamati kila mtu anataka kujiona, na ana haki hiyo.

Wengi mmezoea kuipiga flashi darini ili mwanga urudi laini. Nyumbani kwenye siling bodi nyeupe, sawa kabisa, na haina gharama. Ila kumbi zetu zimefunikwa vitambaa, zambarau, kijani, dhahabu, na rangi hiyo itashuka nayo usoni. Nimeona mabwana harusi wa zambarau. Kwenye kumbi hizo simamisha mwavuli wako, uwe na dari yako mwenyewe.

Na otomatiki? Kamera inaamini kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha kati. Shela jeupe likijaza picha, inapunguza mwanga, shela linatoka la kijivu na uso unazama. Bwana harusi mweusi, suti nyeusi, inaongeza, na uso unapauka mpaka si wake. Hili nalo lilichangia kuiharibu albamu yangu ya Kinondoni. Ukiiweka flashi kwa mkono, robo ya nguvu, tuseme, na mtu akakaa umbali uleule, picha ya kwanza na ya mia zitafanana, avae nyeupe au nyeusi. Anza na robo, f/5.6, ISO 200, shata 1/160, piga, tazama uso wake wala sio nguo, panda au shuka. Baada ya wiki mbili mkono utakuwa unajua kabla ya jicho.

Nakumbuka swali la kaka mmoja mlangoni: taa ngapi? Moja. Miezi sita, moja na lile boksi la samaki. Mtu mwenye taa tatu asiyeijua moja anaongeza vivuli vitatu. Mkishaizoea, ya pili iende nyuma ya mteja, itazame bega na nywele, maana nywele nyeusi kwenye ukuta wa giza zinapotea, na mstari mwembamba wa mwanga ndio unaozitenga. Nusu ya nguvu ya ile ya mbele, au chini ya hapo.

Dada, ahsante kwa uvumilivu, nimekukalisha sana. Naomba ukae hapohapo kidogo. Triga yangu hii ina kipini cha kawaida, itaingia kwenye kamera nyingi zenu. Wenye 250D na 4000D njooni upande huu, ninayo ya kwenu. Stendi ina dumu lake, betri ni seti A, bado zimejaa. Kila mmoja apige mbili: moja mwavuli ukiwa mita moja, nyingine mita nne. Tuanze na mstari wa mbele.